Siri ya Kikundi ni ya Nani?

Wazazi huniuliza: mtoto wangu akijiunga na kikundi cha ushauri nasaha, nitajuaje anachosema huko? Swali ni zito. Mtoto ni wako, na asipolala ni wewe unayekesha.

Lakini fikirieni kinachomsaidia kule. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Shamiri, uliofanywa na wanafunzi 413 wa shule za upili hapa Kenya. Walikaa kwa vikundi, vipindi vinne vya saa moja, wakiongozwa na vijana waliomaliza shule juzi juzi, si madaktari. Huzuni na wasiwasi vilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Kijana akisikia mwenzake akisema, "Hata mimi silali," ile aibu inalegea. Aibu ndiyo humfunga mdomo, wala si ukosefu wa imani.

Sasa mama apate habari, azilete kwa maombi (na sisi tunajua ombi la Jumatano hufika sokoni Alhamisi), huyo kijana hatasema tena. Kwa hivyo mimi naona siri ibaki ya kikundi, mzazi asichimbe. Ila kijana akitaja kujiua, au kwamba kuna mtu anayemdhulumu, kiongozi lazima aseme, tena siku hiyo hiyo. Na vijana waambiwe hivyo kabla ya kikao cha kwanza, wasije wakaona wamesalitiwa.

Baba mmoja aliniuliza, "Basi kazi yangu ni gani?" Nikamwambia, mpe nauli, na akirudi mwekee chai bila maswali.