Safari ya Saa Moja

Waislamu wengi wa pwani wanaofanya kazi Arusha hurudi Unguja kwa ndege. Kutoka kiwanja cha Kilimanjaro, KIA, kilichofunguliwa mwaka 1971, mpaka Unguja ni kama kilomita 390 kwa njia ya angani, na ndege huzikata kwa muda wa saa moja hivi. Mlima Meru haujapotea machoni vizuri, mara waiona bahari. Sasa baadhi yao huona haya kukusuru, yaani kuzipunguza sala za rakaa nne. Husema: "Nimekaa kitini, nimeletewa maji, taabu iko wapi hata nipunguziwe?"

Haya hiyo haina msingi. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii ruhusa imefungwa na masafa, haikufungwa na taabu wala saa. Masafa hayo ni marhala mbili, nazo kwa hesabu ya leo ni zaidi ya kilomita 80. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 asipate kuiona ndege, amekwisha kueleza katika Minhaj kwamba mwenye kuyakata masafa hayo baharini kwa saa moja hukusuru. Na Sayyidna Umar (r.a.) alipomuuliza Mtume (s.a.w.) mbona twakusuru ilhali hofu imekwisha, alijibiwa kuwa hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu, basi ipokewe. Nani akataaye sadaka ya Mola wake kwa kuwa amekaa raha?

Lakini masafa yapimwe kwa haki. Anayetoka Arusha kumsindikiza mgeni KIA amekwenda kama kilomita 50 tu. Huyo atimize sala, wala kwenda na kurudi hakujumlishwi. Mgeni wake aendaye Unguja akusuru pale pale kiwanjani, maana majumba ya mji amekwisha kuyaacha nyuma.

Hapa lanijia jambo zito zaidi. Mtu yule yule asemaye safari yake si safari, akiulizwa mbona miaka miwili hajamwona mama yake, hujibu: "Arusha ni mbali, sheikh." Kwa neema ya Mola wake ni karibu, kwa haki ya mama yake ni mbali! Wazee waliotoka Pangani na misafara walikwenda kwa miguu majuma kadhaa hata kufika chini ya Meru. Wao wakisema mbali, walikuwa na haki. Nauli ya ndege ni ghali, kweli, na asiye nayo hana lawama. Yapo mabasi hadi Dar es Salaam, na boti ya kuvukia ipo. Lakini habari ya msiba ikija, tikiti hupatikana siku ile ile.

Wengine huuliza: akifika kwa mama, aendelee kukusuru? Ikiwa makazi yake sasa ni Arusha, naye amenuia kukaa siku mbili tatu, aendelee. Akinuia siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, safari yake yakoma anapofika, naye asali rakaa nne pale nyumbani kwa mama yake.