NYAMA YA SHUKRANI HAILALI

Fundisho kwa jamaa zote za waaminifu, walio nyumbani na walio ugenini
Masomo: Walawi 7:11-15, Kumbukumbu la Torati 26:1-11, Luka 17:11-19

 

Tumepata swali kutoka kwa ndugu zetu waliohamia Marekani. Wengi wao tunawajua. Ni watu wa Fizi, Uvira, Masisi na Rutshuru waliokimbia vita, wakakaa miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu kule Tanzania au Nakivale kule Uganda, kisha wakapokelewa huko. Wanasema kwamba kila mwaka, Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba, Wamarekani hufanya siku ya shukrani. Ofisi na shule zinafungwa, jamaa inakusanyika nyumbani, watu wanapika na kumshukuru Mungu. Watoto wetu wanafundishwa sikukuu hiyo shuleni, wanarudi wakiwaomba wazazi waifanye nao. Lakini haimo katika Biblia, wala wazee wetu hawakutuachia. Je, waifanye? Tena mama mmoja aliongeza neno lililotuchoma moyo: atawezaje kupika na kufurahi, wakati mtoto wake mkubwa amebaki kambini na mdogo wake amekimbia mabomu huku Kivu?

Swali ni la ndugu wa mbali, lakini jibu lake linatuhusu sisi sote. Na tuangalie kwa utaratibu.

I. SIKUKUU HII ILITOKA WAPI

Mwaka 1620 Waingereza wapata mia moja walivuka bahari katika merikebu iitwayo Mayflower. Wengine wao walitafuta mahali pa kumwabudu Mungu kwa namna yao. Walifika wakati wa baridi kali, mahali panapoitwa Plymouth. Kabla ya baridi kwisha, karibu nusu yao walikuwa wamekufa.

Nchi ile ilikuwa na wenyewe, watu wa kabila la Wampanoag. Kati yao alikuwako mtu mmoja, Tisquantum, aliyejua Kiingereza. Alikijuaje? Mwaka 1614 alitekwa na nahodha Mwingereza, akapelekwa Uhispania kuuzwa. Aliporudi kwao baada ya miaka, alikuta kijiji chake kimekwisha kwa ugonjwa. Mtu huyo ndiye aliyewafundisha wale wageni kupanda mahindi na kuweka samaki udongoni kuwa mbolea. Mavuno ya 1621 yalipokuwa mazuri, wakala pamoja siku tatu. Massasoit, mkubwa wa Wampanoag, alikuja na watu wapata tisini, nao wakaleta kulungu watano.

Angalieni, ndugu. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu ndiye aliyewalisha wageni. Sisi Wakongo tunaelewa habari hiyo bila kufasiriwa.

Lakini mambo hayakuishia pale mezani. Baadaye watoto wa wale wageni walipigana na watoto wa wenyeji. Metacom, mwana wa Massasoit, aliuawa mwaka 1676, na mtoto wake akauzwa utumwani. Ndiyo sababu tangu 1970 wenyeji wengine hukutana Plymouth siku ile ile kwa maombolezo. Basi ndugu zetu wanaokaa Marekani wasiwafundishe watoto nusu ya habari. Mtu akishiba na kumsahau aliyempa mbegu, shukrani yake ina kasoro mbele za Mungu.

Tena jambo moja. Ni nani aliyeiweka siku hii kwa taifa lote? Ni Rais Abraham Lincoln, mwaka 1863, naye hakuiweka wakati wa raha. Mwaka ule Wamarekani walikuwa wakiuana wao kwa wao, kaskazini na kusini, na kila mtaa ulikuwa na wajane. Alhamisi ya nne iliwekwa na sheria ya bunge lao baadaye, mwaka 1941. Kwa hiyo mama aliyeuliza kama inafaa kushukuru wakati wa vita, ajue kwamba siku yenyewe ilitangazwa vita ikiendelea.

II. NENO LA MUNGU LINASEMA NINI

Jina la Alhamisi hiyo halimo katika Biblia, ni kweli. Lakini sadaka ya shukrani imo, na Mungu ameiwekea sheria yake. Someni Walawi sura ya saba. Mtu aliyeleta sadaka ya amani kwa ajili ya nadhiri aliruhusiwa kula nyama siku ile, na iliyobaki kuila kesho yake. Lakini aliyeileta kwa ajili ya shukrani hakuruhusiwa kuacha kitu mpaka asubuhi. Nyama yote iliwe siku ile ile, pamoja na mikate mingi iliyoletwa nayo.

Kwa nini Mungu aliweka tofauti hiyo? Hebu fikirini. Mtu amechinja ng'ombe au mbuzi. Ana mke na watoto watano. Usiku unakuja na nyama hairuhusiwi kulala. Atafanya nini? Atatoka nje aite watu! Atamwita jirani, mjane na mpita njia. Atamwita hata yule ndugu ambaye hawasemezani tangu mwaka jana, kwa maana nyama ni nyingi na jua linatua. Nao wakija watauliza: kuna nini hapa kwako leo? Hapo ataeleza jinsi Mungu alivyomwokoa. Hivi ndivyo sheria ya nyama ilivyomzuia mtu kushukuru peke yake chumbani.

Ndugu zetu wanatuambia kwamba huko Marekani, baada ya siku hiyo, frigo hujaa vyakula vilivyolala, watu wakavila mpaka Jumatatu. Hatusemi ni dhambi kula chakula kilicholala. Sisi sote tumekula bukari ya jana. Tunasema hivi: kama frigo imejaa na jirani hakuitwa, sadaka haijatimizwa.

Sasa someni Kumbukumbu la Torati 26. Mwisraeli alileta kapu la malimbuko mbele ya kuhani. Je, aliagizwa kusema habari za furaha tu? Hapana. Aliagizwa kueleza kwamba baba yake alikuwa mtu asiye na makao, kwamba walishuka Misri wakiwa wachache, wakateswa, wakalia, na Mungu akasikia. Taabu yote ilisemwa mbele ya kapu. Ndipo akafurahi, yeye na Mlawi na mgeni aliyekaa kwake.

Kwa hiyo mama yetu mpendwa, usifikiri kwamba machozi yako yanaharibu meza. Machozi ni sehemu ya maneno yanayosemwa mbele ya kapu. Hatumshukuru Mungu kwa sababu ya vita. Vita ni kazi ya watu wabaya. Tunamshukuru tukiwa ndani ya vita, kwa sababu hakutuacha humo. Bwana wetu Yesu alitwaa mkate akashukuru usiku gani? Ni usiku ule ule aliotolewa (1 Wakorintho 11:23-24). Aliyemuuza alikuwa ameketi mezani.

Na wazee wetu katika imani? Tangu 1921 serikali ya Wabelgiji iliwahamisha waaminifu jamaa kwa jamaa, mbali na vijiji vyao, ikawakataza kukusanyika. Shukrani zao walizitoa ndani ya nyumba, kwa sauti ndogo, kwa chakula kidogo cha ugenini. Basi ibada ya nyumbani si jambo la kigeni kwetu.

III. JINSI YA KUIFANYA NYUMBANI

Tunawashauri mambo haya, ninyi mlio huko.

Kwanza, pikeni wote pamoja. Baba asikae mbele ya televisheni akingoja kuitwa. Kijana wa kiume ajue kumenya vitunguu na kusonga bukari. Katika nyumba nyingi, tunasikia, kuna ugomvi: watoto wanataka bata mzinga, ndege yule mkubwa ambaye kwa Kifaransa anaitwa dinde, na bibi anataka sombe. Pikeni vyote viwili. Tena bibi awaeleze wajukuu habari hii ambayo si wengi wanaoijua: muhogo na sombe yake, mahindi ya bukari, maharage, karanga, viazi vitamu na pilipili, mbegu zake zote zilitoka kwa wenyeji wa bara la Amerika, zikaletwa Afrika kwa merikebu baada ya Wazungu kufika kule. Wenyeji wale wametulisha sisi pia. Wakati wa kushukuru wasisahauliwe.

Pili, tayarisheni mapema. Bata mzinga wa kilo sita aliyegandishwa hutaka siku tatu ndani ya frigo ili ayeyuke. Mama mmoja hakujua. Alimtia ndani ya jiko la oveni asubuhi ile ile. Mchana ngozi ilikuwa nyeusi na tumboni mlikuwa na barafu. Watu walicheka, wakala sombe na ndagala. Lakini na mioyo yetu je? Baba na mama hawakusemezana wiki nzima, kisha Alhamisi wanataka kuomba pamoja mezani. Nje ni moto, ndani ni barafu. Bwana alisema katika Mathayo 5:23-24 kwamba mtu aiache sadaka yake akapatane kwanza na ndugu yake. Basi siku hizo tatu nyama inapoyeyuka, na ninyi patanisheni.

Tatu, kabla ya kula, mkubwa wa nyumba asimulie safari. Aseme walitoka kijiji gani, walipita wapi, nani aliwapa maji njiani, nani alifia porini. Watoto waliozaliwa ugenini wasikie. Kisha yatajwe majina ya wasiokuwapo. Tunajua kwamba Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na jamaa nyingi zikakatwa katikati: mama yuko huku, mtoto yuko kambini, na karatasi zilikuwa karibu kukamilika. Mtajeni mtoto huyo kwa jina. Mpigieni simu siku hiyo, mwombe naye. Lakini msimtumie picha ya meza iliyojaa. Mtumieni sehemu yake kwa namna mnayoweza, kama Nehemia alivyowaagiza watu kuwapelekea sehemu wasio na kitu (Nehemia 8:10).

Nne, iteni mtu. Yuko mzee Mmarekani, jirani yenu, ambaye watoto wake hawaji. Iko jamaa iliyofika juzi isiyojua basi wala lugha. Kati ya wale wenye ukoma kumi, aliyerudi kushukuru alikuwa mgeni.

Tano, kuna wanaofanya kazi ya usiku katika viwanda vya nyama na katika nyumba za kutunza wazee, ambao Alhamisi hiyo hawapewi ruhusa. Wasihuzunike. Siku haikumfunga Mungu. Ifanyeni Ijumaa jioni au Jumapili baada ya ibada.

IV. NENO KWETU SISI TULIOBAKI

Na sisi huku Kongo tusikae tukisikiliza kama mambo ya wengine. Wale tisa waliosahau kurudi, je, hawako kwetu?

Simu inalia, ujumbe wa pesa umeingia. Dola hamsini. Tunajibu nini? Mara nyingi tunajibu kwamba haikutosha, na ya shule bado. Aliyetuma aliamka saa tisa ya usiku, katika baridi ambayo sisi hatujaiona, akasimama saa kumi akikata nyama. Hakusikia neno asante. Mwaka wa pili anaanza kuogopa namba zetu. Mwaka wa tatu hapokei tena, nasi tunasema Ulaya na Marekani zimemharibu. Ndugu, ni nani aliyemharibu? Wiki hii kila mmoja wetu ampigie simu ndugu yake aliye mbali, amshukuru, na asiombe kitu. Ndiyo, asiombe kitu! Huenda atanyamaza kwanza kwa mshangao. Mngojeeni.

Tena wako walio karibu. Vita ilipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025, watu wengi walifunguliwa mlango na jamaa ambazo zenyewe hazikuwa na kitu. Watu kumi na tano walikula katika chungu kimoja. Mmekwisha rudi kwa mwenye chungu kile? Kama mmeweza kurudi nyumbani, chukueni hata kisahani cha unga, mwende mkamwambie kwamba hamkusahau. Na kama bado mko kwake, mwambieni jioni ya leo.

Wapendwa, hatuwaagizi kununua bata mzinga. Tunawaagiza jioni moja, chakula mlicho nacho, jamaa yote chini pamoja, safari isimuliwe, majina yatajwe, na mtu mmoja kutoka nje aitwe. Kama ni lenga-lenga na bukari, Mungu anazijua. Ila isilale mpaka asubuhi.

Bwana awape chakula na watu wa kula nao. Awalinde walio kambini, walio njiani na walio kazini usiku. Awarudishie mama watoto wao. Nasi atufanye kuwa yule mmoja aliyerudi.

Amina.