Amana ya Kwanza ni Yako

Mjomba wangu anafanya kazi Muscat. Aliniomba nimtafutie fundi wa kumjengea nyumba hapa Mbale. Nilimchagua jirani asiyekosa swala ya alfajiri. Tukapeana mikono, basi. Fedha za msingi zikaisha hata nondo hazijanunuliwa. Fundi akanisihi nimtumie mjomba picha za nyumba nyingine. Wallahi, nilikaribia kuzituma.

Nikaikumbuka Suratul-Qasas, aya ya 26: binti alimshauri babake amwajiri Musa kwa sifa mbili, nguvu na uaminifu. Mimi niliangalia safu ya msikitini tu. Sikwenda kuona hata nyumba moja aliyoijenga. Tena Al-Baqara, aya ya 282, inatuamrisha kuandika deni la muda na kuweka mashahidi. Sisi hatukuandika chochote.

Nilimpigia mjomba nikamweleza ukweli. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Tafuta mwingine, na mara hii andikianeni."

Sasa tunalipa hatua kwa hatua: msingi, kuta, paa, kila hatua baada ya kukaguliwa.

Ndugu yangu, jamaa aliye ughaibuni akikukabidhi ujenzi wake, wewe ndiye macho yake. Kabla ya kumuuliza fundi kuhusu amana, jiulize wewe.