Mavazi ya mama getini: Sitara, pambo au mashindano?

SIFA njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemkirimu mwanadamu kwa vazi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba wake.

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze jambo ambalo wengi wataliona dogo, nalo ni nguo anazovaa mama asubuhi anapompeleka mtoto shuleni. Nalileta katika ukurasa huu kwa sababu mimi mwenyewe nimelikosea, na kosa langu likamfikia mtoto asiyehusika.

Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu katika shule moja hapa Dar es Salaam, na ni mama wa watoto wawili. Wiki ya zamu yangu husimama getini tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi kupokea wanafunzi. Asubuhi moja alikuja mama mmoja akimleta mwanawe wa darasa la pili. Alikuwa amevaa dera lililopauka, lenye madoa ya mafuta na unga, kanga amejitanda kichwani mpaka kifuani, na miguuni kandambili. Kina mama wengine wakatazamana. Nami, nikidhani naamrisha mema, nikamwambia mbele yao: "Mama, hii ni shule ya Kiislamu. Nguo hizo ni za jikoni. Kesho jitahidi uvae baibui."

Akanijibu kwa upole: "Nimekusikia, mwalimu. Unisamehe."

Tangu siku ile hakuonekana tena getini. Mtoto akawa anakuja peke yake, mara nyingi amechelewa, na kati ya kwao na shule kuna barabara kubwa ya daladala na malori. Baada ya wiki mbili nikamwita mtoto nikamuuliza kwa nini haletwi. Akasema mama yake humfikisha kwenye kona, kisha hurudi. Nikamuuliza sababu. Akasema: "Mama amesema hana nguo ya getini."

Nilikuja kujua baadaye kwamba mama yule huamka kabla ya alfajiri kukaanga vitumbua na maandazi. Baibui analo moja, analitunza kwa ajili ya Ijumaa na misiba, kwa sababu moshi na mafuta vitaliharibu. Nilipotulia nikajiuliza: hivi alikosa nini? Dera lake lilikuwa pana, halikubana wala halikuonyesha mwili. Kanga ilifunika kichwa na kifua. Sharti gani la sitara alilivunja? Hakuna hata moja. Na asubuhi ile ile nilimsifu mama mwingine kwa abaya yake mpya yenye vito mikononi, ingawa ilimbana kiunoni kuliko dera lile. Kumbe sikuwa nikipima sitara. Nilikuwa nikipima bei.

Hapo ndipo likanijia swali ambalo napenda tulifikiri pamoja. Mama anayetoka nyumbani asubuhi anadaiwa nini katika mavazi yake? Anadaiwa sitara peke yake? Ana haki ya kupendeza? Na sisi tunaomtazama, tunadaiwa nini?

Tuanze na Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Katika Surat Al-A'raf, aya ya 26, wanadamu wote wanakumbushwa kuwa wameteremshiwa vazi la kusitiri tupu zao na pia la kuwapamba, kisha wakaambiwa kuwa vazi la ucha Mungu ndilo bora zaidi. Tazama mpangilio huo: sitara imetajwa, pambo limetajwa, na taqwa imewekwa juu ya yote mawili. Aya ya 31 ya sura hiyo hiyo inatuamrisha tuchukue mapambo yetu wakati wa ibada na inatukataza israfu. Aya ya 32 inawauliza wale wanaoharamisha mapambo ambayo Mwenyezi Mungu amewatolea waja wake. Kwa hiyo anayesema Muislamu wa kweli lazima aonekane mchafu na mchovu hana hoja. Imepokewa kwa Jabir (R.A.) katika Sunan ya Abu Dawud kuwa Mtume (S.A.W.) alimuona mtu mwenye nguo chafu, akashangaa kama mtu huyo hakupata kitu cha kufulia.

Lakini pambo lina mipaka. Surat An-Nur, aya ya 31, imemuwekea mwanamke mipaka hiyo: asidhihirishe mapambo yake ila kwa waliotajwa, ashushe shungi yake mpaka kifuani, na hata asipige miguu ili yajulikane mapambo aliyoyaficha. Watu wengi hukumbuka aya hiyo na kuisahau ya 30 iliyoitangulia, ambayo inaanza na wanaume na macho yao. Nasema hivi kwa sababu getini pale pale huja kina baba waliovaa kaptula inayoacha mapaja wazi, na sijasikia mwalimu yeyote akiwarudisha nyumbani. Uchungu wetu wa dini usiwe wa upande mmoja.

Sasa tuangalie makosa mawili ninayoyaona kila wiki ya zamu.

Kosa la kwanza ni kuufanya uwanja wa shule kuwa jukwaa la mashindano. Mama anafikiri tangu usiku atavaa nini, kwa sababu jana mama fulani alikuja na abaya ya Dubai na leo yeye hataki kushindwa. Picha zinapigwa na kupelekwa kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Yuko anayekopa kikoba anunue abaya, na ada ya madrasa ya mtoto ikabaki deni. Maulamaa wametuonya juu ya vazi la umaarufu, yaani linalovaliwa ili watu wageuke, na hadithi ya Ibn Umar (R.A.) iliyopokewa na Abu Dawud na Ibn Majah inaeleza kuwa mvaaji wake atavishwa vazi la udhalili Siku ya Kiyama. Abaya inaweza kukufunika kuanzia utosini mpaka kwenye kisigino na bado ikawa vazi la umaarufu.

Kosa la pili ni kusema, "Mimi ni mama tu, sina wa kunitazama," kisha mtu akatoka na nguo ya kulalia, kanga moja kiunoni, nywele nje. Dada zangu, mtoto anakutazama. Binti wa miaka saba anajifunza maana ya kutoka nje kwa kumuona mama yake mlangoni akitafuta mtandio, kabla hajasoma aya yoyote kwangu darasani.

Baina ya makosa haya mawili kuna njia pana, na mabibi zetu katika Uislamu waliipita. Asma bint Abi Bakr (R.A.) alipasua mshipi wake vipande viwili afungie chakula cha safari ya Hijra, na kwa ajili hiyo akapewa jina la Dhatun-Nitaqayn, mwenye mishipi miwili. Katika Sahih al-Bukhari imepokewa pia kuwa alibeba kokwa za tende kichwani kutoka katika shamba la mumewe Zubayr, mwendo mrefu. Vazi lake lilimsitiri na pia lilimuacha afanye kazi.

Basi na sisi tufikiri hivyo hivyo katika mazingira yetu. Mama wa Dar es Salaam ana mtoto mkono mmoja, begi na chupa ya maji mkono wa pili, na pengine mchanga mgongoni. Anapanda daladala au bodaboda. Baibui refu linaloburuza litafagia tope la masika, na juu ya pikipiki upindo wake ukiingia kwenye gurudumu au mnyororo ni hatari ya roho. Baibui linaloishia kwenye kifundo cha mguu, lenye upana wa kutosha kupiga hatua, na suruali pana ndani yake, linamsitiri hata upepo ukivuma. Mikono mipana kama mbawa ni mizuri harusini, lakini asubuhi hunasa kwenye mlango wa gari. Mtandio wa pamba unaokaa bila pini nyingi ni salama zaidi kwa mwenye mtoto begani. Viatu vya chini au raba vitamfikisha mbele ya kengele. Na mwambie fundi akutilie mfuko wa ndani wa nauli na ufunguo.

Tena si lazima kiwe cheusi. Sheria imeweka masharti ya kusitiri, upana na kutokuonyesha mwili, haikumlazimisha mwanamke rangi moja. Kitenge cha rangi iliyotulia, kilichoshonwa gauni pana na fundi wa mtaani, kikivaliwa na mtandio unaolingana nacho, kinapendeza, hakionyeshi vumbi haraka, na kinavumilia joto la jiji hili. Anayependeza namna hii hakuvunja amri, na asionewe kijicho kwa unadhifu wake. Ibn Mas'ud (R.A.) amepokea, kama ilivyo katika Sahih Muslim, kuwa maswahaba waliuliza juu ya mtu anayependa nguo yake na viatu vyake viwe vizuri. Mtume (S.A.W.) akawafahamisha kuwa huko si kiburi, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kudharau watu.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonichoma. Kudharau watu. Kiburi getini kilikuwa changu, nami nilivaa jilbabu.

Pwani yetu ina historia inayotufundisha katika jambo hili. Zanzibar ya karne ya 19 nguo ilikuwa alama ya daraja. Watumwa walivaa merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa kutoka Marekani, au kaniki, nguo ya rangi ya kiza. Mbele ya mabwana hawakuruhusiwa kufunika vichwa wala kuvaa viatu. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuiondoa hadhi ya utumwa kisheria. Wanawake waliokuwa watumwa wakaziacha kaniki, wakavaa kanga za rangi, na karne ya 20 ilipoingia wengi wakavaa baibui. Kujisitiri, ambako waungwana walikufanya fahari yao peke yao, kukawa kwa wote. Leo tukisimama getini tukawapanga kina mama kwa thamani ya mabaibui yao, tunayarudisha madaraja yale yale, na safari hii tunayarudisha kwa jina la dini.

Atauliza mtu: Je, tusinasihiane? Tunasihiane, ni wajibu. Lakini nasaha ina adabu. Kwanza uhakikishe kuna kosa la sheria, lisiwe ni ladha yako tu. Pili uifanye kwa siri. Tatu uulize hali kabla ya kuhukumu, kwani huenda anayehitaji nasaha anahitaji kwanza pande la kitenge. Surat Al-Hujurat, aya ya 11, ilipokataza watu kudharauliana, iliwataja wanaume kisha ikawataja wanawake peke yao, na ikatukumbusha kuwa huenda anayedharauliwa ni bora kuliko anayemdharau.

Niliona haitoshi kutubu chumbani, kwa kuwa nilimuaibisha mbele ya watu. Nikamfuata penye biashara yake asubuhi, wateja wamejaa, nikamuomba radhi wakisikia. Akaendelea kugeuza vitumbua, kisha akasema: "Mwalimu, mimi nilishasamehe. Ila mtoto ndiye aliyeuliza kwa nini mama yake anafukuzwa." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Jumatatu iliyofuata alimleta mwanawe mpaka getini. Alivaa dera lile lile, limefuliwa, na madoa ya mafuta hayakutoka yote. Nilimtangulia kwa salamu.

Nawaomba walimu wenzangu na kina mama wenzangu tulifikiri hili kesho asubuhi tutakapokutana getini. Tumuombe Mwenyezi Mungu atupe sitara duniani na Akhera, na atuvishe vazi la taqwa kabla ya vazi lolote.

Wabillahi tawfiiq.