Dawa Iliyofichwa Udongoni

Mtume Mtukufu (s.a.w.) ametufundisha kutafuta dawa, tukiwa na yakini kwamba Aliyeumba mwili ndiye aliyeumba na tiba. Labda utauliza: Tiba hiyo i wapi? Mara nyingi imo katika udongo tuukanyagao.

Katika miaka ya 1940 penisilini na dawa za namna yake ziliokoa watu wengi kwa kuua bakteria. Lakini bakteria walipokufa, kuvu zilizokuwa zikizuiliwa nao zilipata nafasi, zikaenea vinywani na matumboni mwa wagonjwa.

Ndipo wanawake wawili wa Idara ya Afya ya Jimbo la New York, Marekani, walipoanza kutafuta. Elizabeth Hazen, mjini New York, alichunguza vijidudu vya udongo. Alipoona kimojawapo chazuia kuvu, alikipeleka kwa posta mpaka Albany. Huko Rachel Brown, mwanakemia, aliitenga dawa yenyewe na kumrudishia ajaribu. Dawa nyingi ziliua kuvu, lakini ziliwaua na panya wa majaribio pia. Hawakukata tamaa. Hatimaye udongo wa shamba la rafiki zake Hazen, huko Virginia, ulitoa kijidudu walichokitafuta. Dawa yake ilitangazwa mwaka 1950, ikaitwa nistatini kwa jina la jimbo lao.

Dawa hii hushika ergosteroli, mafuta yaliyomo katika utando wa chembe ya kuvu, na kuutoboa. Utando wa chembe za mwanadamu una kolesteroli badala yake. Je, tofauti ndogo namna hii, iokoayo uhai, haimtoshi mwenye kufikiri?

Mapato ya uvumbuzi huo yalizidi dola milioni 13. Hawakujitajirisha nayo, yalitumika kuendeleza utafiti.

Kazi haijaisha. Mwaka 2009 ilielezwa mara ya kwanza kuvu iitwayo Candida auris, ambayo mara nyingi hushinda dawa kadhaa, na wataalamu wangali wakichunguza udongo.

Ewe mtafutaji wa haki, shika kipimo cha mabibi hao. Hawakuuliza tu, "Je, yaua ugonjwa?" Waliuliza pia, "Je, yamwacha mgonjwa hai?" Mafundisho yauayo ujinga wako pamoja na huruma yako si dawa bali ni sumu. Basi pima kwa subira, wala usidharau kilicho chini.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote. Amin.