Mwili Ukikataa Kudanganywa

Ukivaa miwani ya uhalisia pepe ukaanza "kutembea" kwa kubonyeza kitufe, macho yanasema: tunakwenda. Sikio la ndani, linalopima mwendo na kutunza mizani ya mwili, linasema: umekaa kitini, acha mchezo. Ubongo unabaki katikati ya mashahidi wawili wanaopingana, na moyo unachafuka. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Michel Treisman alitoa nadharia kwamba ubongo hudhani tumekula sumu, ndiyo maana unataka tutapike.

Sasa watengenezaji wanatafuta dawa. Lakini kwani ni haki kumnyamazisha shahidi anayesema kweli?

Utasema: mtu kavaa mwenyewe, karidhia. Sawa. Hata msikilizaji wa hadithi akiambiwa "Paukwa!" huitikia "Pakawa!", akijua kinachofuata ni cha kubuni. Ila hapa iliyoitikia ni akili, sikio halikuulizwa.

Ndiyo maana sioni dawa zote kuwa sawa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliweka pua ya kuchora kwenye picha. Watu wakastahimili muda mrefu zaidi, na pua yenyewe wala hawakuitambua. Unaweza kuuita huo uongo juu ya uongo. Mimi naona kinyume: pua tunayo kweli, siku zote iko mbele ya macho, mashine ndiyo iliyoiondoa. Njia ya kumhamisha mtu papo hapo, kutoka hapa hadi pale, nayo ni nyoofu: haijifanyi kuwa safari. Na kutembea kwa miguu yako mwenyewe chumbani, picha ikikufuata, ni nyoofu kupita zote, maana macho na sikio yanasema jambo moja.

Kinachonitia shaka ni ule ushauri wa "vumilia tu, utazoea." Baharia naye huzoea, ndiyo, lakini bahari inatikisika kweli, yeye anazoea ukweli. Huku unaufundisha mwili kupuuza habari iliyo sahihi, na wapo wanaovua miwani wakabaki na kizunguzungu.

Kwa hiyo anayechafukwa na moyo asiitwe mshamba wala dhaifu. Mwili wake umekataa ushahidi wa uongo. Avue, apumzike, na kazi ya kujirekebisha tuiachie mashine.