Mkanda Uliao

Kuna swali lililonishika tangu nilipokuwa Mwanza, nami nalileta kwa wasomaji wa kurasa hizi, ambao aghlabu ni watu wa shairi kuliko watu wa gereji: fundi anayeondoa kelele bila ya kuondoa ubovu, ametengeneza au amedanganya?

Tulikuwa ndani ya Hiace, asubuhi, tukielekea Magu. Tangu stendi injini ilikuwa ikipiga ukelele mwembamba wa kukereza meno. Tulipofika Igoma dereva akaegesha kwa fundi mmoja mtu mzima.

"Shikamoo mzee wangu. Nipakie sabuni huo mkanda, unyamaze tu. Nina abiria."

"Marahaba. Na nani kakuambia mgonjwa ni mkanda?"

Mkanda ule wa mpira, mafundi huuita fenibelti, huuchukua mzunguko wa injini na kuugawa: kwa alteneta inayochaji betri, kwa pampu ya maji ya kupoza injini, na katika magari mengi kwa pampu ya usukani. Ukilegea, au puli moja ikikaa upogo, huteleza na kulia. Lakini beringi ya puli ikikauka nayo hulia, na sikio la abiria halitofautishi. Fundi akaunyunyizia mkanda maji kidogo, injini ikiunguruma. Sauti ikikatika kisha ikarudi, mashaka yako kwenye mkanda au kwenye puli zilizotoka mstarini. Ikizidi, mkanda umelegea. Isipobadilika, tafuta beringi. Haikubadilika.

Mkanda una sauti, basi mkanda ndio unaoshitakiwa. Hupakwa sabuni, au huvuliwa ukawekwa mpya, na mpya nao ukaliwa na puli ile ile. Sisi watunzi twaujua mchezo huo. Mizani ikipwaya twachomeka neno tupu, ubeti ukatulia, na fikra ikabaki imepinda vile vile. Ila shairi halipakii watu.

Kimya cha injini ni kauli. Abiria anayeusikia ukelele ana hiari ya kushuka. Anayesikia kimya ameambiwa kuwa hapana neno. Ndiyo maana siioni sabuni ile kuwa ufundi hafifu tu. Ni ushahidi wa uongo, na wanaodanganywa si dereva aliyeununua, bali walioketi nyuma yake wasiojua kuwa kuna kilichouzwa. Dereva ana jibu lake: jioni tajiri anataka hesabu, na pampu haigawiwi bure. Jibu hilo ni zito, wala silidharau. Lakini ni hoja ya kuendesha gari likilia, si hoja ya kulinyamazisha.

Igoma hiyo hiyo ndiko waliko makaburi ya watu wa MV Bukoba, meli iliyopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia wakafa. Simulizi za siku zile zasema kulisikika kugonga kutoka ndani, chombo kikiwa bado kinaelea kichwa chini. Kikatobolewa ili watu watoke. Hewa iliyokuwa ikikishikilia ikatoka, nacho kikazama. Hapo hapakuwa na sabuni wala hila. Nia ilikuwa njema kabisa, na nani anayesikia binadamu akigonga chuma akaweza kukaa akatafakari? Simlaumu mtu. Ila tangu siku ile, kila ninapokumbuka jinsi mzee yule alivyouzuia mkono wake, nawaza makaburi yale.

Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye vifaa kimoja kimoja, mpini sikioni. Kisha akazima injini, akauvua mkanda, akazungusha puli kwa mkono. Ya pampu ya maji ikakwaruza, ikacheza.

"Itanifikisha Magu?" dereva akauliza.

"Yaweza. Yaweza pia kukwama njiani, mkanda ukakatika, injini ikachemka. Kawaulize hao."

Dereva akatutazama kwa muda, kana kwamba ndiyo kwanza anatuona. Akasema. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akashuka, akadai nauli yake, naye akaanza kuihesabu, sarafu kwa sarafu, juu ya boneti.